Wasomaji Wauliza: Miraba Isiyogusana na Chochote Ndani ya Chipu

Barua tano za mwezi huu, kutoka pembe tofauti za Nairobi na viunga vyake, zilikuwa zinazunguka jambo moja bila wenyewe kujuana. Tumeziweka pamoja. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Swali: Wahariri, hamjambo? Narekebisha simu Luthuli Avenue. Nilifungua chipu iliyoungua nikaiweka chini ya darubini ya maabara, ile inayomulika kutoka juu, ikikuza mara 400. Kando ya nyaya niliona maelfu ya miraba midogo iliyopangwa kama vigae vya bafuni. Haigusani yenyewe kwa yenyewe, wala haigusi waya wowote. Rafiki yangu anasema ni mtego wa kuwazuia watu wasiige chipu. Mimi nasema ni mabaki ya kiwandani. Nani amepata?

Jibu: Hatujambo, fundi. Hakuna aliyepata, ingawa wewe umekaribia kwa kukitaja kiwanda. Miraba hiyo ilichorwa kwa makusudi. Wachoraji wa chipu huiita dami fili. Hapa tutaiita vijazio. Ni vipande vya metali ileile ya nyaya, vilivyotengenezwa saa ileile na nyaya zilizo jirani, ila havibebi umeme wala ishara. Kazi yao yote ilikwisha kabla chipu haijatoka kiwandani, na kazi yenyewe ilikuwa kusaidia sahani ya silikoni, ile duara ambayo chipu nyingi hutengenezwa juu yake kwa pamoja, isuguliwe ikawa tambarare.

Mtazame fundi wa terazo. Akishamwaga mchanganyiko wa simiti na kokoto za marumaru, anasubiri ushike, halafu analeta mashine ya mawe na maji. Pale kokoto zilipotawanyika sawa, sakafu inashuka kwa pamoja. Pale zilipokosekana pakawa simiti tupu, jiwe linakula haraka kwa kuwa hakuna kigumu cha kulizuia. Panabaki kibonde, na utakijua siku ya kupiga deki, maji yatakapotuama hapo.

Ndani ya chipu, shaba ndiyo simiti laini, na kioo ndicho kokoto. Nyaya za shaba hazilazwi juu ya kioo. Zinazikwa ndani yake. Njia hii ilianza kushika viwandani baada ya IBM kuitangaza mwaka 1997, na kabla ya hapo nyaya zilikuwa za alumini. Kwanza sahani nzima hupakwa tabaka la oksaidi ya silikoni, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni kioo. Plasma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, inachonga mifereji kwenye kioo hicho kufuata mchoro. Ndani ya mifereji hupakwa ngozi nyembamba ya tantalamu, kwa sababu shaba ikiachwa hivihivi hupenya kwenye kioo na ikifika kwenye transista, zile swichi ndogo za umeme za chipu, huziharibu. Juu ya ngozi hiyo inawekwa shaba nyembamba ya kuanzia, kisha sahani inatumbukizwa kwenye myeyusho wa chumvi ya shaba, umeme unapitishwa, na shaba inajaa mifereji mpaka inafurika. Sasa sahani yote imefunikwa shaba na kila waya umegusana na mwenzake. Kinachobaki ni kuondoa iliyofurika na kuiacha ya mferejini peke yake.

Hapo ndipo kusugua kunapoingia. Sahani inageuzwa kifudifudi, inashikwa na kichwa kinachozunguka, na kukandamizwa juu ya pedi ya poliyurethani ambayo nayo inazunguka. Juu ya pedi humiminwa tope lenye punje ndogo mno za silika au alumina, haidrojeni peroksaidi ya kuugeuza uso wa shaba uwe rahisi kukwanguliwa, na kemikali ya kuilinda shaba iliyo bondeni isiliwe kabla ya wakati. Kasi ya kuliwa hukadiriwa kwa kanuni aliyoitoa Preston mwaka 1927, wakati huo ikihusu usuguaji wa vioo: mgandamizo mara mwendo, mara namba ya kitu kinachosuguliwa. Ukiishika kanuni hiyo umeshika kiini cha jambo. Mwendo ni karibu sawa kila mahali. Mgandamizo sio. Pedi ni laini kiasi, kwa hiyo mahali penye kioo kingi kuna kitu kigumu cha kuibeba, na mahali palipojaa shaba pedi inazama.

Tabu inaanza mwishoni mwa kusugua. Shaba iliyofurika haiishi kila mahali kwa dakika moja. Ikibaki hata utando mwembamba kati ya nyaya mbili, umepata shoti, kwa hiyo mashine lazima iendelee mpaka eneo la mwisho liwe safi. Maeneo yaliyowahi kusafika yanateswa muda huo wote. Waya mpana hubonyea katikati kama sahani ya wali. Pale nyaya nyembamba zilipobanana, kioo kilichobaki kati yao ni chembamba na hakiwezi kuibeba pedi, basi eneo zima humomonyoka, kioo na shaba pamoja. Chukua waya wenye kimo cha nanomita 300 (nanomita elfu moja ni mikromita moja, na mikromita elfu moja ni milimita moja) uliopoteza nanomita 30: ukinzani wake umepanda kwa takriban 11%, na waya huohuo ukipita eneo lisilo na msongamano haukupoteza kitu. Mchoraji aliyepiga hesabu ya muda wa ishara kwa kutumia namba moja ya ukinzani amekwisha kudanganyika.

Haliishii kwenye tabaka hilo. Tabaka linalofuata hupakwa juu ya bonde lile na kurithi umbo lake. Shaba mpya ikimwagwa hapo, inatuama bondeni na kusugua hakuifikii, kwa hiyo shoti inatokea ghorofa ya juu kwa kosa la ghorofa ya chini. Na mashine ya kuchapa mchoro kwa mwanga ina kina kifupi sana cha picha kali. Kwa zile za mwanga wa nanomita 193 ambazo lenzi yake hufanya kazi kupitia maji, kina hicho ni kama nanomita 100. Kilima na bonde vikizidi hapo, sehemu moja ya chipu inatoka ikiwa na ukungu.

Vijazio vinatibu hayo yote kwa njia moja. Palipo na nyaya nyingi huwezi kupunguza, lakini palipo tupu unaweza kuongeza metali isiyo na kazi mpaka msongamano, yaani sehemu ya eneo iliyofunikwa na metali, ukaribie ule wa jirani. Havizuii kushuka. Vinafanya kila mahali pashuke karibu sawa. Na kwa kuwa kasi ya plasma ya kuchonga na unene wa shaba inayopakwa navyo hubadilika kufuata msongamano wa mchoro, hatua hizo mbili zinafaidika pia.

Rafiki yako asivunjike moyo. Vijazio vya tabaka la juu huficha nyaya za chini, na mwigaji anayepiga picha atalazimika kuondoa matabaka moja moja. Ila angelazimika hata kama visingekuwepo.

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Buruburu. Ikiwa shida ni mapengo, mbona wasifunike nafasi yote kwa bamba moja la shaba badala ya kuhangaika na miraba? Tena lingesaidia kutoa joto.

Jibu: Kwa sababu msongamano una kikomo cha juu pia, mwalimu. Bamba pana ndilo linalobonyea kuliko vyote, kama tulivyoeleza hapo juu. Ndiyo maana hata nyaya pana za umeme ndani ya chipu, ambazo zina kazi halali, hutobolewa matundu: yale matundu ni nguzo za kioo za kuibeba pedi. Kuhusu joto, shaba hupitisha joto kwa kiwango cha kama wati 400 kwa mita kwa kelvini, na kioo cha oksaidi 1.4 tu. Miraba iliyozungukwa na kioo pande zote ni visiwa. Inasaidia kidogo, si kiasi cha kumfanya mtu aichore kwa ajili hiyo.

Swali: Nasoma uhandisi wa umeme, Juja. Kikundi chetu kinachora chipu ndogo kwa kanuni za wazi za SKY130, zilizotolewa na SkyWater na Google mwaka 2020. Nyaya za mchakato huo ni alumini, na tulifundishwa kwamba alumini haisuguliwi bali huchongwa kwa plasma. Mbona basi tujaze? La pili ni zoezi tulilopewa: dirisha la mikromita 100 kwa 100, yaani kipande cha mchoro ambacho msongamano wake hupimwa, metali iliyopo 12%, kima cha chini 30%. Tulijaza kwa miraba ya mikromita 2, ukaguzi ukasema 27%, tukakataliwa. Tunakosea wapi?

Jibu: Mlifundishwa sawa, ila somo lilikatizwa njiani. Alumini huchongwa, kisha kioo humwagwa juu yake kujaza mapengo, na *kioo* ndicho kinachosuguliwa. Kioo hicho hufuata umbo la kilichomo chini, kama shuka juu ya vyombo. Juu ya nyaya zilizobanana kinasimama juu. Juu ya uwanja mtupu kinalala chini. Kusugua huondoa vinundu vidogo upesi, lakini tofauti ya kimo kati ya eneo lililojaa na eneo tupu lililo mbali hubaki, kwa sababu pedi hujikunja kufuata umbo la sahani. Umbali ambao pedi inaweza kulinganisha vimo kwenye kioo ni wa milimita chache. Mkiacha uwanja mtupu mpana kuliko hapo, hakuna kiasi cha kusugua kitakachouokoa. Vijazio vilianza kutumika enzi hiyohiyo ya alumini, kabla ya shaba.

Sasa zoezi. Dirisha lenu lina mikromita za mraba 10,000. Metali ya 12% ni 1,200, mnahitaji 3,000, kwa hiyo mnadaiwa 1,800. Mraba wa mikromita 2 una eneo la 4, mkagawanya mkapata miraba 450, mkadhani kazi imekwisha. Lakini mraba haukai peke yake. Unahitaji mwanya kutoka kwa mwenzake, tuseme mikromita 1, hivyo kila mmoja hula nafasi ya 3 kwa 3, yaani 9. Miraba 450 inataka nafasi tupu ya 4,050. Mkishatoa nyaya zenyewe na ukanda wa usalama pembeni mwake, nafasi iliyobaki kwa namba zenu yaelekea ni kama 3,500. Hapo inaingia miraba 388, metali ya 1,552, jumla 27.5%. Programu haikukosea. Nafasi ndiyo haikutosha.

Njia za kutokea ni tatu. Ya haraka ni kuongeza ukubwa wa mraba bila kuongeza mwanya: mraba wa mikromita 3 wenye mwanya wa 1 unakula 16 na kutoa 9, hivyo katika 3,500 inaingia miraba 218, metali 1,962, na jumla inafika 31.6%. Kwa vitendo hamtapata yote hayo, kwa sababu mraba mkubwa hauingii kwenye vichochoro. Wekeni mikubwa kwanza, halafu pitisheni midogo kwenye mabaki. Njia ya pili ni kupunguza ukanda wa usalama, mkiwa tayari kulipia kwa kapasitansi, yaani uwezo wa metali zilizo jirani kuhifadhi chaji kati yao, jambo ambalo barua inayofuata inalihusu. Ya tatu ndiyo tunayoipendelea: panueni nyaya za umeme na za ardhi zinazopita hapo. Metali mnayolazimishwa kuiweka mnaweza kuipa kazi ya kupunguza mshuko wa volti, badala ya kuijaza miraba isiyojua kwa nini ipo.

Kila kiwanda kina namba zake, na ni lazima mzisome kwenye kitabu cha kanuni cha mchakato wenu badala ya kutumia za zoezi. Kwa kawaida kima cha chini huangukia kati ya 20% na 35%, cha juu kati ya 60% na 80%. Dirisha husogezwa hatua kwa hatua, mara nyingi nusu ya upana wake, kwa hiyo doa moja tupu huonekana ndani ya madirisha manne. Mkiona makosa manne yamerundikana, rekebisheni doa moja kabla ya kuhangaika na mengine. Viwanda vingine hukagua pia tofauti kati ya dirisha na jirani yake. Huko mnaweza kufaulu kote, 32% hapa na 70% pale, na bado mkakataliwa kwa sababu mteremko ni mkali mno.

Mpangilio wa kazi una maana kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Tengenezeni ramani ya msongamano mapema, nyaya kuu za umeme zikishakaa tu, msingoje usiku wa mwisho. Wekeni alama za kuzuia kujaza juu ya sehemu nyeti. Pitisheni kijazo, programu ya kuchora chipu ya KLayout ina chombo chake cha kujaza na ile ya OpenROAD ina hatua yake. Kisha rudieni ukaguzi wa kanuni, rudieni kulinganisha mchoro na saketi, na zaidi ya yote toeni upya kapasitansi za nyaya vijazio vikiwemo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na chipu inarudi ikiwa na kasi ndogo kuliko ile iliyoahidiwa kwenye kompyuta.

Makosa mengine ni ya uzembe. Kujaza mara mbili bila kufuta kijazo cha kwanza, miraba ikapandana. Kusahau jina la kikundi lililoandikwa kwa metali pembeni, miraba ikaunganisha herufi. Kujaza ndani ya ukingo wa kinga unaozunguka chipu, ambao una kanuni zake. Na kulipua faili: kila mraba ulioandikwa peke yake ndani ya faili la GDS, lile la mchoro linalopelekwa kiwandani, hula baiti 64. Chipu ya milimita 1 kwa 1 yenye nusu ya eneo tupu, kwa miraba ya nafasi ya 3 kwa 3, ina miraba zaidi ya 55,000 kwa tabaka. Kwa matabaka matano ni kama 277,000, karibu megabaiti 18 za vitu visivyo na kazi. Iandikeni kama safu inayojirudia, mstari mmoja wa maelezo kwa maelfu ya miraba, na faili linabaki dogo.

Tukumbushe pia kwamba kujaza si kwa metali tu. Sahani husuguliwa hata kwenye hatua ya kutenganisha transista, kwa hiyo kuna vijazio vya silikoni na vya polisilikoni huko chini. Programu nyingi huvishughulikia zenyewe.

Swali: Ofisi yetu iko Kilimani, tunachora kipokezi cha redio cha gigahezi 2.4. Kabla ya kujaza kila kitu kilikuwa sawa. Baada ya kujaza, osileta, ile saketi ya kutoa masafa, imeteleza chini na ubora wa indakta, yaani koili ya waya, umeshuka. Tukiondoa vijazio kiwanda kinakataa faili. Mhandisi afanye nini?

Jibu: Ulicholipwa kama utambarare umekilipia kwa kapasitansi. Kijazio kisichounganishwa na kitu hakina volti yake, hivyo huchukua ya majirani na kugeuka daraja kati yao. Chukua nyaya mbili zilizoachana mikromita 3. Ukiweka katikati yao ukanda wa metali wa upana wa 1, umeme unavuka kioo cha mikromita 2 tu, na kapasitansi kati ya nyaya hizo hupanda kwa takriban nusu. Ukikata ukanda huo vipande, mraba mmoja na mwanya mmoja, inapanda kwa kama robo. Hii ni hesabu ya kukadiria isiyojali kingo, lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo.

Kwa osileta, kapasitansi ikipanda 4% masafa hushuka karibu 2%, kwa kuwa yanafuata kipeuo cha pili. Kwenye gigahezi 2.4 hiyo ni kama megahezi 47. Mkanda mzima wa 2.4 hadi 2.4835 una megahezi 83.5, kwa hiyo umepoteza zaidi ya nusu yake kwa sababu ya vigae.

Kuhusu ubora wa indakta, usumaku unaobadilika hupitisha mikondo ya kuzunguka ndani ya kila kipande cha metali, na mikondo hiyo hula nguvu na kuigeuza joto. Kina ambacho mkondo hupenya kwenye shaba katika masafa yako ni takriban mikromita 1.35. Miraba ya mikromita 1 hadi 2 haina nafasi ya kuendesha mzunguko wa maana. Vipande vya 10 vinayo. Basi kwenye eneo la indakta tumia miraba midogo kabisa inayoruhusiwa, usiiweke karibu na mizunguko ya waya, na isukumie kwenye pembe. Usifunge kamwe pete kamili ya metali kuizunguka indakta, hata kama ni ya ardhi, kwa maana pete ni sekondari ya transfoma iliyofungwa shoti. Acha ufa.

Alama ya kuzuia kujaza ukiiweka juu ya eneo la mikromita 200 kwa 200, madirisha ya 100 yaliyomo ndani yatafeli. Hakuna ujanja hapo. Viwanda vinavyohudumia redio huwa na tabaka maalum la kutambulisha indakta lenye masharti mepesi ya msongamano. Uliza kwanza kama lipo kabla ya kuomba msamaha wa kanuni, maana msamaha huchukua siku. Na ukishaamua mpangilio, uweke ndani ya mfano wako wa usumaku na umeme, hata kama utaupunguza makali ili kompyuta imalize.

Watu huuliza kama si afadhali kuviunganisha vijazio vyote na ardhi. Ukifanya hivyo mnong'ono kati ya nyaya, yaani ishara ya waya mmoja kuvujia mwingine, unapungua kwa sababu vinakuwa ukuta, lakini kila waya unabeba mzigo mkubwa zaidi kuelekea ardhini, na umejipa kazi ya kuunganisha maelfu ya vipande ambapo kosa moja ni shoti. Kwa saketi za kidijitali huviacha vikielea. Kwa waya mmoja mrefu ulio nyeti, uzungushie ukuta wa ardhi uliouchora mwenyewe, na programu ihesabu metali hiyo kwenye msongamano.

Angalia pia jozi zako zinazotakiwa kulingana. Kapasita mbili za femtofaradi 50 zilizotakiwa kufanana ndani ya 0.1%: kijazio kilichoangukia upande mmoja na kuongeza femtofaradi 0.2 kimeleta tofauti ya 0.4%. Programu haijui kwamba hizo ni pacha. Zuia kujaza hapo, chora vijazio kwa mkono upande mmoja, kisha vigeuze kama kwenye kioo cha kujitazamia na uviweke upande wa pili.

Swali: Naagiza bodi za saketi kwa niaba ya wateja, Industrial Area. Kiwanda kimenirudishia faili likiwa na vidoti vya shaba vilivyotawanywa kwenye nafasi tupu. Mteja anasema nimemchafulia mchoro na amekataa kulipa. Je, hivi navyo ni vya kusugua?

Jibu: La. Bodi haisuguliwi namna ile. Wenye kazi ya kupaka shaba huviita wezi, na jina linafaa: vinaiba umeme. Bodi ikiwa kwenye beseni la kupakwa shaba, mkondo hukimbilia waya uliosimama peke yake, kwa kuwa hauna jirani wa kugawana naye. Waya huo unanenepa kupita kiasi, na mashimo yaliyoko kwenye eneo lenye shaba nyingi yanapata kidogo. Kuta za mashimo hutakiwa kufikia unene wa kama mikromita 20 hadi 25. Zikiwa nyembamba hupasuka bodi inapopata moto wa kulehemu. Vidoti hugawana mkondo na waya yule mpweke. Faida ya pili ni kwamba shaba ikilingana pande zote mbili bodi haipindi. Kwa bodi za vipuri vya kubandika juu, kikomo cha kawaida cha kupinda ni 0.75%, yaani milimita 1.5 kwa ulalo wa milimita 200.

Mteja wako ana haki katika jambo moja tu: aliyechora ndiye anayejua wapi vidoti vitadhuru. Visikaribie antena, nyaya za ishara za kasi, wala alama za kuongozea mashine ya kupanga vipuri. Pia visivuke pengo la usalama kati ya upande wa 240V na upande wa volti ndogo, na hili hatulifanyii mzaha. Faili ulilorudishiwa na kiwanda lifungue mbele ya mteja na mlikague hayo manne pamoja. Kwa oda zijazo andika kwenye maelezo: vidoti kwenye fremu pekee, ndani ya bodi kwa idhini tu. Fremu huvunjwa na kutupwa baada ya vipuri kulehemiwa, na mara nyingi vidoti vya hapo vinatosha. Visipotosha, kiwanda kitakuandikia, na idhini itoke kwa mteja mwenyewe, kwa maandishi.